Mvua Iliyomwozesha Raya

Raya amefiwa na mumewe, na mimi namwonea wivu. Nimetafuta neno jingine lenye heshima zaidi, sikulipata, basi naliacha hili hili. Juma lililopita nilikwenda kwake Ansab, hapa hapa Maskati, kumpa mkono wa pole. Nilimkuta chumba cha nyuma, amekaa eda juu ya godoro lililotandikwa chini, nguo yake haina ua wala nakshi, mikono mitupu, hata ile bangili nyembamba ambayo hakuwahi kuivua ameivua. Wanawake walikuwa wakiingia, wakimwinamia, wakimshika kichwa na kulia naye, halafu wananigeukia mimi na kunipa ncha za vidole, kama anavyopewa mtu aliyekuja kusaidia kazi. Na kweli nilikuwa nasaidia kazi. Nilishika chupa ya chai nikizunguka nayo chumba kizima, huku nikiwaza: huyu ana ruhusa ya kumlilia. Amepewa miezi minne na siku zake za kumlilia, amepewa chumba cha kumlilia, amepewa na watu wa kumletea uji. Mimi nilimlilia kabla yake, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, chooni kwetu Darsait, bomba nimelifungua ili Mama asinisikie, na hakuna aliyeniletea hata glasi ya maji.

Marehemu ni Nassor, na Raya ni binti wa shangazi yangu. Mwaka ninaousimulia mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kila jioni nilikuwa nakwenda Ruwi kujifunza kompyuta. Darasa lilikuwa juu ya duka la vitambaa, na harufu ya majora mapya ilikuwa ikipanda ngazi pamoja nasi mpaka kwenye viti. Nassor alikuwa amepata kazi serikalini na ofisi yake ndiyo iliyomleta pale. Mashine zilikuwa chache na zote zilikuwa zinakwama katikati ya kazi, isipokuwa moja, ile ya karibu na dirisha. Nassor alikuwa anawahi, anaweka kitabu chake kwenye kiti cha mashine ile, anasimama kando kama mtu anayesubiri simu. Nikiingia tu anakichukua kitabu, ananiachia kiti, anakwenda kukaa kwenye mbovu. Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu na mambo ya mashine. Lakini mtu anayekubali kugombana na mashine mbovu mwezi baada ya mwezi ili wewe upate nzuri, huhitaji akueleze. Mwishoni mwa Ramadhani, akiwa anaangalia vidole vyake na si uso wangu, aliniambia, “Sikukuu hii Mama atakuja kwenu, kuwapeni mkono.” Nilishuka ngazi nimeshika ukuta.

Kwetu sisi posa haianzi kwa posa. Inaanza kwa wanawake kuja kutoa mkono wa Sikukuu. Wanakaa, wanakula, wanamtazama msichana anavyobeba sinia na anavyomjibu mama yake, wanasifu mapazia, kisha wanaaga na kuondoka bila kusema lolote. Wakipenda, baada ya siku chache anakuja mjumbe. Wasipopenda, hakuna aliyekataliwa, maana hakuna aliyeombwa. Lakini hawawezi kuja hivi hivi tu, lazima waletwe na mtu anayejulikana nyumba zote mbili, na mtu huyo alikuwa Shangazi Thuwaiba, mama yake Raya, aliyekuwa akisoma Kurani pamoja na Bi Moza, mama yake Nassor. Shangazi alikuwa amehamia Amerat, nyuma ya milima, kwenye nyumba mpya yenye uwanja. Basi ikapangwa kwamba siku ya pili ya Sikukuu Bi Moza na binti yake watakwenda kwanza Amerat, Nassor akiwaendesha, wamchukue Shangazi, halafu wote waje kwetu Darsait kwa chakula cha mchana. Wakati ule kutoka Amerat kuja mjini ulipita kwenye wadi, lile bonde la mawe lililo kavu mwaka mzima, na barabara ilikuwa imelala humo humo chini. Hakuna aliyeliwazia, kwa kuwa mvua haikuwa imeonekana muda mrefu.

Chakula chenyewe kilikuwa shuwa. Kwa asiyeijua, ni nyama ya mbuzi inayokandwa viungo, ikafungwa kwa majani ya mgomba, ikatiwa katika mfuko wa makuti na kushushwa ndani ya shimo la moto, shimo likafunikwa kwa bati na udongo, nyama ikalala humo kutwa na kucha. Shimo ni la jamaa na majirani, kila nyumba inaleta furushi lake, na kila furushi lina alama yake ya bati iliyofungwa kwa waya, isiyoungua. Sisi wa ghorofani hatukuwa na pa kuchimba shimo, kwa hiyo furushi letu lilikuwa linakwenda Amerat kwa Shangazi, na mwaka ule lingerudi pamoja na wageni. Mwaka ule Mama alinikabidhi mimi kukanda. Alitaka aweze kusema mbele ya Bi Moza, bila ya kujigamba, “Hii mkono wa Zuwena.” Nilisaga thomu, pilipili, mdalasini, karafuu, hiliki na bizari, na nilipofika kwenye siki nikakuta chupa tupu na maduka yamefungwa. Nikachukua ukwaju nikauroweka, nikaukamua, nikatia. Mama akaingia jikoni, akanusa.

“Siki iko wapi?”

“Imekwisha, Mama. Nimetia ukwaju.”

“Ukwaju! Unafanya shuwa ama unafanya mishkaki ya Forodhani? Watu wanakuja kutizama mtu hapa, we unawatilia ukwaju!”

“Onja kwanza.”

Alichovya ncha ya kidole kwenye viungo, akalamba, akakunja uso. Akageuka kama anayeondoka, kisha nikakiona kidole kinarudi bakulini kwa mara ya pili. “Haya, funga,” akasema. Alama yetu niliikata mwenyewe kutoka kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, nikaitoboa kwa msumari. Baba aliondoka na furushi baada ya sala ya Sikukuu, akachelewa kwa sababu ya watu wa kupeana mikono njiani, na alipofika Amerat mafurushi ya wenzetu yalikuwa yameshashushwa, letu likawekwa juu kabisa.

Mwaka ule Krismasi na Sikukuu ziliandamana, na baridi ilikuwa ya kutafutiana masweta. Siku ya pili asubuhi upepo uligeuka, na mlima wa upande wa Ruwi ukawa haupo, pale ulipokuwa pamekuwa na weusi. Nilikwisha kuvaa. Gauni la kijani, la hariri, Mama alikuwa amelilipia kwa fundi asiyepunguza bei. Majilisi, sebule yetu ya wageni, imefukizwa udi, halua imo sahanini imefunikwa, vikombe vya kahawa vimepangwa. Halafu ikaja mvua ya mawe. Ilikuwa inapiga vioo kama mtu anayerusha choroko kwa konzi, na baada yake maji, maji ambayo sijayaona Maskati kabla yake. Mtaa wetu ukawa mto wa rangi ya chai ya maziwa. Zilipita sanduku za nyanya, kikapita kiti cha kinyozi, likapita gari dogo jeupe bila ya mtu ndani, limeenda upande upande mpaka likaegemea karakana ya matairi. Umeme ukakatika. Maji yakaanza kupenya kwenye fremu za madirisha, tukatandika mataulo, kisha mashuka, kisha kanga. Mimi nilikuwa natandika kwa mkono mmoja, mkono mwingine nimelikusanya gauni.

Simu ya mezani ililia mara moja kabla ya kufa. Mama akaipokea, nikasogea mpaka nikawa nasikia sauti ya Shangazi ikipasuka ndani ya chombo. “Wifi yangu, wageni wameshafika kwangu! Wameingia tu, wadi ikashuka maji nyuma yao. Njia hakuna. Hatoki mtu hapa leo.” Mama akafunga macho. “Alhamdulillahi,” akasema. “Alhamdulillahi, wako kwako, wako salama.” Simu ikakatika. Akanigeukia uso umemeremeta kwa shukurani, maana kama wangelichelewa kidogo wangekuwa ndani ya lile bonde. Na mimi nilisema alhamdulillahi, kwa mdomo. Ndani nilikuwa naziona dari za nyumba ya Shangazi, chumba kwa chumba, na katika kila chumba namwona Raya akipita.

Lazima niseme alivyokuwa Raya, na nitajaribu kuwa mwadilifu, ingawa sijisikii. Raya hakuwa mzuri kunishinda. Alikuwa na nywele. Zilifika kiunoni, nyeusi, nzito, na alikuwa na mtindo wa kuzikausha kwa kuinamisha kichwa upande mmoja huku anazungumza na wewe, kama kwamba hazimhusu. Alikuwa na kicheko cha chini kwa chini kinachomfanya mtu ajione kasema jambo la maana. Alikuwa na uwanja wenye mlimau, na chumba chake peke yake, na mama asiyempigia kelele. Tangu tuko wadogo nilikuwa nikipata kitu, nikienda kwao nakikuta kikubwa zaidi. Nassor alikuwa kitu cha kwanza ambacho mimi ninacho na Raya hakijui. Nilikuwa sijamwambia hata jina lake. Na sasa Mwenyezi Mungu, kwa hekima yake, amemchukua na kumshusha mlangoni kwake, na akafunga njia nyuma yake.

Jioni Grace alipanda kutoka chini. Alikuwa mtu wa Tanga, akifanya kazi kwa familia ya ghorofa ya chini, msichana mwenye sauti ya juu aliyetupenda kwa kuwa kwetu angeweza kuongea Kiswahili mpaka akachoka. Nguo imemlowa mpaka mapajani, mkononi ana mishumaa myekundu.

“Shikamoo Mama. Dada Zuwena, nimewaletea mishumaa, hii ilibaki ya Krismasi yangu. Jamani huko kwetu chini, khalas! Friji inaelea. Madam yuko juu ya kabati ya viatu analia, bosi anachota maji na sufuria ya wali.” Akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni. “Mbona umependeza hivyo peke yako? Wageni wako wapi?”

“Wamekwama,” nikasema.

“Wapi?”

“Kwa mwanamke mwingine.”

Mama akacheka, akidhani nafanya mzaha, na Grace akacheka kwa sababu Mama amecheka. Tulikula halua tukiwa tumeizunguka mishumaa ya Krismasi, sisi Waislamu na Grace Mkristo, na wao wawili wakafurahi, nafikiri ilikuwa jioni nzuri. Mimi sikuvua gauni mpaka wakati wa kulala.

Njia ya Amerat haikufunguka kesho yake, wala kesho kutwa. Redio ilitaja mabonde yaliyoshuka, watu waliookolewa juu ya paa za magari, vijiji vilivyokatika. Baba alirudi kutoka Mutrah akasema wenye maduka wa sokoni wamefunua majora yao barabarani kuyaanika, barabara yote imekuwa ya rangi, na wazee wazima wanalia hadharani. Kila mtu aliyekuja kwetu alikuwa na la kusimulia: mbuzi waliokwenda na maji, mitende iliyolala, bwana harusi aliyekwama upande huu na harusi yake upande ule. Niliwasikiliza wote kwa adabu na nikawaonea wivu na wao. Hasara yao ilikuwa na jina, mtu alisema “gari langu” akapewa pole. Mimi ningesema nini? Nilikuwa namlilia mume ambaye hakuwa mume, wala mchumba, wala hata mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti chetu.

Shangazi alikuja mara njia ilipopitika, matope mpaka kwenye vioo vya gari, peke yake. Hakukaa majilisi. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwa Mama, akafunga mlango, na mlango wa jikoni yetu ulikuwa umevimba kwa maji na haukufunga sawasawa. Nilikuwa ukumbini nakunja mashuka.

“Wifi yangu, nifanyeje?” Shangazi alikuwa analia. “Nyumba moja. Umeme hamna, maji ya kutia ndooni. Bi Moza hana nguo ya kubadili, kavaa za Raya. Mtoto anatoka kuoga, nywele hizo kaziwacha, nimfungie wapi? Siku zote hizo ndo yeye anapika, ndo yeye anamsugua miguu yule mama kwa baridi.”

“Na we ulikuwa unawaleta kwa nani?” Sauti ya Mama ilikuwa ndogo sana.

“Kwenu! Wallahi kwenu! Mimi nikamwambia Bi Moza leo asubuhi, haya, njia imefunguka, twende Darsait. Akanishika mkono. Kanambia, ‘Bi Thuwaiba, nimekula kwako, nimelala kwako, nimevaa nguo ya binti yako. Nikitoka hapa nikenda kubisha mlango mwengine, si ntakuwa nimekwambia mwanao nimemuona na sikumtaka? Ntakutizama vipi mimi?’ Sasa mimi nijibu nini? Nimwambie nenda kanitukane, si kitu?”

Bi Moza alikuwa amesema kweli. Mwanamke mwenye adabu yeyote wa kwetu angefanya vile vile, na Mama mwenyewe angekuwa wa kwanza kumsema kama asingefanya hivyo.

“Na chakula mlikula nini?” Mama akauliza mwisho, nadhani ili aseme kitu.

“Shuwa yenu. Maji yaliingia shimoni kwa chini, zetu zote zikawa tope. Yenu ilikuwa juu, imetoka kavu, imeiva, haina kasoro. Nikasema itaharibika na hamwezi kuipata, nikaipakua. Bi Moza kamwambia Raya, ‘Mkono wako mtamu, mwanangu.’”

“Raya kasema nini?”

“Atasema nini mtoto mbele ya wageni? Kainamisha uso.”

Niliyakunja mashuka yote. Kisha nikayakunjua, nikayakunja tena.

Darasa lilipofunguliwa nilikwenda. Kitabu kilikuwa juu ya kiti cha karibu na dirisha na Nassor amesimama kando yake. Alikichukua, safari hii hakwenda kwenye mashine mbovu. “Zuwena,” akasema, na ndiyo mara ya kwanza kulitaja jina langu bila ya “Bi” mbele yake. “Mama kesha sema neno.”

“Na wewe?”

Akakigeuza kitabu. “Na mimi nililala nyumba ile ile,” akasema, akashuka ngazi. Nilikaa kwenye mashine nzuri, nikaandika zoezi lote bila kosa, nikaichukia. Harusi ilikuwa Mfunguo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani. Nilipewa kubeba chetezo cha udi mbele ya bibi harusi, nikavaa gauni lile lile la kijani, lililokuwa bado halijaonwa na mtu, na watu wakasema limenikaa. Raya alikuwa na hina mpaka viwikoni. Alinibana mkono alipopita, na mimi nikambana.

Niliolewa baadaye na mtu mwema ambaye haingii katika kisa hiki. Miaka ikaenda, tukawa tunaonana na Raya misibani na harusini, na kila nilipoingia nyumba ya Ansab nilikuwa naangalia viatu vya Nassor mlangoni kabla ya kitu chochote. Sikuwahi kula shuwa kwao. Kila Sikukuu nilikuwa na udhuru.

Juma lililopita, wanawake walipoinuka kwenda kusali alasiri chumba cha mbele, Raya aliniita. “Zuwena, weka hiyo chupa. Njoo ukae.” Nywele zake zimekuwa nyeupe na bado ni nyingi. Nikakaa kwenye ukingo wa godoro.

“Nataka kukwambia kitu, usinikatize,” akasema. “Kila Sikukuu shuwa ikifunguliwa, Nassor alikuwa anachukua tonge la mwanzo, anatafuna polepole, anasema, ‘Nzuri, alhamdulillahi.’ Basi. Miaka yote hiyo, nzuri. Ile yako ya siku za mvua hakusema nzuri. Nlipopeleka sinia kwa wanaume nikamuona, mi niko mlangoni. Alifunga macho, bibi. Akasita na tonge mdomoni kama mtu anaesikiliza.”

“Hukumwambia si mkono wako?”

“Nimwambie nini? Siku ya mwanzo nliona haya, ya pili nikachelewa, halafu nikawa mke.” Alikuwa anazungusha kidole mahali ilipokuwa bangili. “Nimejaribu siki ya tende, siki ya zabibu, ndimu kavu. Nimejaribu kila mbuzi wa nchi hii. Akitafuna mi nnamtizama uso, na uso unatafuta, hauoni. Nikikuona we unaingia mlangoni, moyo unanipiga.” Akaniangalia moja kwa moja. “Kesha kwenda sasa. Sikukuu hii nataka niipike mara moja iwe sawa, watoto wake waionje. Ulitia nini, Zuwena?”

Chumba cha mbele walikuwa wamefika kwenye kusujudu, nyumba imetulia kabisa. Nilikuwa nalo neno mdomoni, neno dogo, la kabatini kwa kila mtu. Lilikuwa ndilo pekee nililobaki nalo.

“Zamani sana, bibi,” nikasema. “Nimesahau.”

Raya hakuondosha macho. Aliniangalia mpaka nikaona vibaya, halafu kitu usoni mwake kikalegea, karibu acheke kile kicheko chake cha chini kwa chini.

“Ningekuwa wewe,” akasema, “na mimi ningesahau.”

Akaninyooshea glasi yake, nikamtilia chai.